Kihispania cha Bi Casilda

Bi Casilda alikuwa mjane wa miaka sabini na ushei, mzaliwa wa Cádiz, mji wa pwani ya Hispania, na kila kiangazi aliwapangisha wageni waliokuja likizo kujifunza lugha chumba cha mwanawe aliyehamia Madrid. Mwaka ule alimpata Bogdan, askari wa zimamoto kutoka Poland, pande la mtu lenye ndevu. Akiingia mlangoni lazima ainame.

Bogdan alikwenda darasani siku moja tu. Kesho yake akabaki jikoni.

"Wenzako wako shule. Wewe vipi?"

Akajieleza kwa mikono na vineno vichache: mwalimu anawafundisha kuuliza stesheni iko wapi, na stesheni yenyewe inaonekana dirishani.

"Basi shika kisu," Bi Casilda akasema. "Menya nyanya."

Hivyo ndivyo alivyojifunza Kihispania: akimenya nyanya za supu baridi, akisafisha ngisi, akibeba kapu sokoni na kurudia kila alichosikia. Baada ya wiki alisema vizuri kabisa, ila alisema kama bibi kizee wa Cádiz. Muuza samaki alipomtajia bei, lile jitu likajishika kiuno.

"Bikira Maria wee! Kwani huyu samaki ana meno ya dhahabu? Usinisimamishe hapa baba, magoti yananiua!"

Watu wakacheka mpaka wakashikilia meza. Muuza samaki akamwongezea kamba kiganja kizima, na Bi Casilda akarudi nyumbani kichwa juu.

Jumapili majirani wa jengo lile walikula pamoja juu ya paa. Bi Fuensanta wa mlango wa pili, shoga yake Casilda tangu usichana, alileta tortilla yake ya mayai na viazi. Akamkatia Bogdan kipande kinene.

"Kula mwanangu, usione haya."

Bogdan akatafuna, akameza, akatafuta la kusema. Kuhusu tortilla ya Fuensanta alijua sentensi moja tu, na kwa jinsi alivyoisikia mara nyingi alidhani ni sifa.

"Tortilla ya Fuensanta," akasema kwa upole, "ikianguka, kinachovunjika ni sakafu."

Fuensanta hakumtazama Bogdan hata kidogo.

"Hiyo ni sauti yako, Casilda. Imeota ndevu tu."

"Shoga, nilisema siku moja, kwa utani…"

"Kila siku," Bogdan akamsahihisha, akifurahi kwamba ameelewa.

"Sawa," Fuensanta akasema, akaifunika sahani yake. "Wiki iliyobaki namfundisha mimi."

Ikawa Bogdan analala kwa Casilda, lakini asubuhi anavuka korido kwenda kwa Fuensanta. Casilda akawa anakula peke yake, akisikia vicheko nyuma ya ukuta. Jioni moja uvumilivu ukamwishia.

"Anasema nini juu yangu?"

Bogdan akakohoa kidogo, akainua kidole vilevile afanyavyo Fuensanta. "Kahawa ya Casilda, samaki anaogelea ndani na bado anaona mbali."

"Mshenzi! Na nini tena?"

"Casilda anaimba akipika, ili tusisikie chakula kinavyolia."

"Na tena?"

Bogdan akafikiri. "Kwamba ulipofiwa na mume ulilala kwake mwezi mzima. Na tangu urudi kwako, nyumba yake ina baridi."

Casilda akachukua aproni yake, akavuka korido, akaingia bila kubisha hodi. Fuensanta alikuwa anakaanga vitunguu.

"Umefuata nini?"

"Mwanafunzi wangu unamharibu. Ananiambia kahawa yangu maji."

"Si maji?"

"Ni maji. Marehemu mume wangu alikuwa na ugonjwa wa moyo, nikazoea kuifanya nyepesi. Basi nimeshindwa kuacha."

Fuensanta akasogea kando, akampisha jikoni.

Siku zilizosalia Bogdan alifundishwa na wawili kwa wakati mmoja, na kila neno lilikuja na ubishi wake. Asubuhi ya kuondoka walikuwa bado wanagombana kwenye mlango wa teksi, nani amfungie soseji na nani amfungie jibini, hadi akawanyamazisha kwa sentensi ambayo hakuna aliyemfundisha.

"Mwakani nakuja na mama."

Bibi hao wawili wakatazamana.

"Anajua kupika?" wakauliza kwa pamoja.