Ng'ombe wa Kitenge cha Resiato

Kitenge chenye picha zenye kichwa na miguu hakikatwi ovyo. Agnesi, fundi cherehani wa Mikumi, hukitandaza mezani akapanga karatasi zake zote za kukatia, ya mbele, ya nyuma na za mikono, shingo zikielekea upande mmoja. Ukigeuza moja tu ili ubane kitambaa, mteja wa watu atatembea na ndege miguu juu, na watu hawana dogo, watamcheka mpaka stendi. Miaka kumi na tisa Agnesi hajawahi kugeuza hata kola.

Jumanne alikuja mama mmoja mfugaji, Resiato, na kitenge cha ng'ombe wekundu, wote vichwa juu. Agnesi alimpa shikamoo, akampima. Mama alitaka gauni la kuendea Kilosa, kuuliza tena ofisini habari za mwanawe Kaelo. Mwaka juzi Kaelo alipeleka ng'ombe kunywa maji Kisanga. Ng'ombe walirudi, yeye hakurudi.

Agnesi alipanga, akabana pini, akaenda kuchukua mkasi. Aliporudi, ng'ombe wote walikuwa wamegeuza vichwa kuelekea dirishani, upande wa Kisanga. Akazungusha kitambaa. Nao wakajizungusha, taratibu, kama walioshiba. Alijaribu mara tatu, kisha akaacha, maana kazi za watu zilikuwa zinasubiri.

Wala hakuwa na haja ya kuuliza wanatazama nini. Kisanga ndiko liliko shamba la mahindi la mumewe, Mathias. Siku ile ng'ombe waliingia shambani, Mathias akamkata Kaelo kwa panga, akamzika pale pale mpakani. Shati la Mathias lenye damu alilifua Agnesi mwenyewe. Funika kombe mwanaharamu apite, walisema ndugu wa mume, naye akafunika.

Alikata hivyo hivyo, akashona.

Ijumaa Resiato alilivaa mbele ya kioo. Ng'ombe walikuwa wamelala ubavu, kifuani na mgongoni, vichwa vyote mkono wa kulia. Aliwapapasa mmoja mmoja. Agnesi alifungua mdomo amwambie. Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Nisamehe mama, nimekosea kupanga."

"Hakuna neno, mwanangu. Umehangaika," alisema Resiato. "Mungu akulindie wanao."

Akaenda kupanda basi la Kilosa. Alipogeuka mlangoni mwa basi, ng'ombe nao waligeuka, wakarudisha vichwa Kisanga. Konda aliwasubiri wamalize, akafunga mlango.

Jioni Mathias alirudi kutoka shamba, akauliza kama yule mama alilipenda gauni lake. Agnesi alisema alilipenda, akampelekea maji ya kuoga.