Kumbatio la Mkono wa Kushoto

Verlon Tackett alikuwa na suruali tisa kabatini, na hata moja haikuwa saizi yake. Kiuno chake kilikuwa inchi thelathini na sita. Suruali zote zilikuwa arobaini. Inchi mbili za ziada zilikuwa za bastola, ambayo ilikaa ndani ya suruali, nyonga ya kulia, kwenye ala yake, juu yake shati limeachwa nje. Inchi mbili nyingine zilikuwa za risasi za akiba, nyonga ya kushoto, kana kwamba majambazi wa Pruitt Creek, mji wa watu mia tisa na taa moja ya barabarani, wangemjia kwa zamu.

Alikuwa fundi wa mashine za kukatia nyasi, mtu wa miaka sitini na miwili, mpole kiasi kwamba hata mbwa wa wateja walimdharau. Leseni ya kubeba silaha alichukua miaka kumi na mmoja iliyopita, mwaka ambao mkewe alimwacha akaenda kuishi na muuza mabwawa ya kuogelea. Bastola ingemsaidia nini katika jambo lile, mwenyewe hakujua, kwa sababu kilichoibwa kilikuwa kimeshaibwa. Ila nyumba ilikuwa kimya mno, na darasa la leseni lilifanyika Jumamosi, siku iliyokuwa ikimtesa kuliko zote.

Tangu hapo aliibeba kila siku. Aliibeba posta, aliibeba kwa daktari wa meno, aliibeba akienda kununua maziwa. Katika miaka yote hiyo aliwahi kuitoa mara moja tu. Alisikia kishindo gereji asubuhi moja, akaingia ameishika kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akapiga kelele, "Mikono juu!" Aliyekuwa mle ndani alikuwa bata mzinga wa porini, naye akainua mbawa zote mbili. Wakabaki wanatazamana hivyo, hakuna aliyejua kinachofuata. Habari ile Verlon hakumsimulia mtu, hata Gaylon.

Gaylon Stamps alikuwa rafiki yake wa tangu shule, na yeye pia alibeba bastola. Wote wawili walikuwa wamefundishwa kwamba mwenye silaha haupi mlango mgongo. Basi kila asubuhi mkahawani walikaa upande mmoja wa meza, bega kwa bega, wameukodolea mlango macho, na viti vya mbele yao vitupu.

"Maharusi wamefika," mhudumu aliwaambia siku zote. "Niwaletee kahawa, au niwakatie keki kabisa?"

Hayo yote Verlon aliyavumilia. Alikuwa amejizoea, alijua kabisa yeye ni kichekesho, na alijicheka kabla ya wengine ili apate nafuu. Kilichomshinda kuvumilia kilikuwa salamu za kanisani.

Wabaptisti wa Pruitt Creek, ukishaimbwa wimbo wa pili, huinuka wakasalimiana, na kusalimiana kwao ni kukumbatiana. Kwa mtu mwenye chuma kiunoni hiyo ni hatari. Mtu akizungusha mkono, kiwiko chake kitagonga pale, na siri imekwisha. Verlon alijitungia mtindo wake: anatanguliza bega la kushoto, anarudisha nyonga ya kulia nyuma, anapitisha mkono mmoja, anagonga mgongo mara mbili, anachomoka. Miaka kumi na mmoja hakumkumbatia binadamu kwa mikono miwili.

Na kati ya binadamu hao alikuwamo Nelda Hobgood, mpiga piano wa kanisa, mjane wa miaka hamsini na tisa mwenye kicheko kinachosikika hadi maegesho ya magari. Verlon alimpenda. Alianza kumpenda miaka minne nyuma, siku Nelda alipomletea mashine yake ya nyasi akisema imegoma kuwaka. Haikuwa na ubovu wowote, ilikuwa imeishiwa petroli. Verlon hakumwambia. Aliichokonoachokonoa siku tatu ili awe na sababu ya kumpigia simu kila jioni na kumpa hali ya mgonjwa.

Zaidi ya hapo hakufanya kitu. Mtu aliyejiandaa kukabiliana na majambazi hakuweza kumwambia mwanamke mmoja twende tukanywe kahawa.

Jumapili moja, baada ya ibada, Nelda alimfuata kwenye pikapu yake.

"Kaka Verlon, hebu nikuulize. Kwa nini unanikumbatia kama mtu anayepitisha mkono dirishani kufungua komeo la jirani?"

"Ni bega, Dada Nelda. Lina maumivu ya zamani."

"Bega." Nelda alimtazama juu hadi chini. "Haya. Basi sikiliza wewe na bega lako. Jumatatu, siku nane kutoka leo, nahamia Lubbock kwa dada yangu. Nyumba sijaiuza, nimeifunga tu. Jumapili ijayo wananifanyia chakula cha kuniaga. Siku hiyo nataka unikumbatie kama mtu mzima, mikono miwili. Na kama kuna mtu ana neno la kuniambia, aniambie kabla sijawasha gari. Mimi barua sisomi."

Akaondoka. Hata Verlon, ambaye mkewe alilazimika kumwachia maelezo ya maandishi juu ya friji ndipo aelewe kwamba ameachwa, safari hii alielewa kila kitu.

Wiki nzima hakulala vizuri. Alijua hana nafasi ya pili. Nelda akishafika Lubbock, kilomita mia saba, atakuwa amekwenda, na yeye atabaki na Gaylon wakiutazama mlango hadi mmoja wao afe. Akakata shauri. Jumapili atamkumbatia kwa mikono miwili, bila chuma katikati yao, na atamwambia.

Jumapili ilipofika aliegesha pikapu, akavua bastola na ala yake, akavua na risasi za akiba, akavifungia vyote kwenye kisanduku cha chuma chini ya kiti. Alijiona mwepesi. Akashuka, akafunga mlango, akapiga hatua tatu kuelekea kanisani. Suruali ikapiga hatua moja, kuelekea chini.

Aliidaka kwenye nyonga. Mkanda wake ulikuwa mnene, wa kubebea silaha, wenye matundu matano. Aliuvuta hadi tundu la mwisho, na bado ngumi ingepita. Kurudi nyumbani kusingesaidia kitu, maana nyumbani kulikuwa na suruali nyingine nane za aina ile ile. Miaka kumi na mmoja, kila alipokwenda dukani, alikuwa akiivalisha bastola, na leo bastola imebaki garini.

Ibada nzima alikaa benchi la nyuma. Nyimbo aliziimba mkono mmoja mfukoni, kama mhuni. Wakati wa salamu aliinamisha kichwa akajifanya yuko kwenye maombi mazito, na Gaylon akampiga begani akamwambia, "Vumilia, ndugu yangu, lolote lile litapita." Mahubiri yalipokaribia mwisho, jicho lake likatua kwenye kitabu cha nyimbo cha benchi la mbele. Kilikuwa kidogo, kinene, chenye jalada gumu. Alikichukua, akakisokomeza ndani ya mkanda, nyonga ya kulia, akashusha shati juu yake. Kilikaa sawasawa. Suruali ikatulia, na Verlon akashukuru kwa dhati kuliko wakati wowote wa ibada ile.

Ukumbi wa chakula ulikuwa umejaa. Meza ndefu ilikuwa na kuku wa kukaanga, saladi ya viazi, maharage ya kuoka, pai tatu za njugu za pekani na ndoo ya chai baridi yenye sukari ya kuua mtu. Nelda alikuwa akipokea kwaheri karibu na dirisha. Alipomwona Verlon alifungua mikono.

Verlon naye akafungua. Yote miwili. Gaylon alisema baadaye kwamba alidhani jamaa anataka kuruka. Nelda akaja, akamzungushia mikono, na kwa nusu dakika hivi Verlon alisahau kupumua. Halafu kiwiko cha Nelda kikagonga kitabu.

Nelda akaganda. Akajitoa taratibu, akarudi nyuma hatua moja.

"Hata leo, Verlon?" Safari hii hakumwita kaka.

"Hata leo nini?"

"Unadhani hatujui? Ulipoinama kuokota kijiko kwenye harusi ya binti wa Mchungaji tuliiona yote, hadi namba zake! Kanisa zima linajua. Mimi nimejua tangu siku ya kwanza nilipokukumbatia. Nikasema nisubiri. Nikasema iko siku ataiacha nje kwa ajili yangu, siku moja tu." Macho yalimjaa machozi. "Miaka minne, Verlon. Mimi ningekufanya nini?"

Akageuka, akaanza kutafuta mkoba wake.

 Verlon alikuwa anampoteza kwa sababu ya kitu ambacho, kwa mara ya kwanza, hakuwa nacho.

"Siyo hiyo!" alipiga kelele. "Nelda, ngoja! Nakuonyesha!"

Mkono wa kushoto ukapandisha shati, wa kulia ukashuka nyongani, ukashika, ukachomoa. Ulikuwa mwendo alioufanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni miaka kumi na mmoja, na ndiyo mara ya kwanza ulitoka bila dosari.

Viti vilikwaruza sakafu. Gaylon aliangusha paja la kuku, mkono ukaenda kiunoni. Mchungaji akainamia kifundo cha mguu wake wa kulia. Mashemasi watatu wakapeleka mikono makwapani, na Dada Imogene, bibi wa miaka themanini na mmoja, akauzamisha wake hadi kiwiko ndani ya mkoba wa nyuzi za kufumia. Karibu nusu ya ukumbi ilikuwa imeshika mahali fulani. Wote walikuwa wamefichana miaka na miaka, na sasa walijianika ndani ya sekunde mbili.

Na katikati yao alisimama Verlon Tackett, miguu imepanuka, ameelekezea saladi ya viazi kitabu cha nyimbo.

"Ni kitabu," alisema.

"Tumekiona," alisema Gaylon. "Kiweke mezani polepole, bwana. Dada Imogene bado hajatoa mkono."

Verlon alikiweka mezani. Papo hapo suruali ikaanza safari, naye akaidaka kwa mkono wa kushoto.  Kwa vile hakubakiwa na heshima ya kulinda, aliamua kusema kweli.

"Nimeiacha garini, Nelda. Kweli kabisa nimeiacha. Ila suruali zangu zote nilizinunua kwa ajili yake. Bila ile hazikai, ndiyo nikachomeka kitabu. Nilitaka kukukumbatia vizuri."

Mtu alianza kucheka upande wa mashemasi, na kicheko kikaenea meza kwa meza. Nelda hakucheka. Aliutazama ule mkono wa kushoto ulioshika mkanda.

"Basi nikumbatie."

"Kwa huu mmoja?"

"Nilikwambia mikono mingapi?"

Kwa miaka kumi na mmoja Verlon alikuwa amejiandaa kwa kila baya: mwizi wa kituo cha mafuta, mwizi wa benki, mwizi wa kuvunja mlango. Kwa hili hakuwa amejiandaa hata kidogo, na aliogopa kuliko siku ya bata mzinga. Akauachia mkanda.

Suruali haikusita. Ukumbi mzima uliiona bukta yake ya ndani, ya buluu, yenye picha za matrekta, aliyoinunua mwenyewe kwa akili zake timamu. Lakini mikono yake yote miwili ilikuwa mgongoni kwa Nelda, na hakuitoa. Ndipo akahisi suruali imesimama katikati ya mapaja. Nelda, kwa vidole vyake vya piano, alikuwa ameudaka mkanda. Akaipandisha hadi kiunoni na kuishikilia pale, mkono mmoja kila nyonga, mahali palepale palipokuwa pakikaa chuma.

"Usiende Lubbock," alisema Verlon, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Nakupenda tangu ile mashine ya nyasi. Haikuwa mbovu, Nelda. Haikuwa na petroli tu."

"Najua. Niliimwaga mwenyewe."

 Verlon alimkaza zaidi.

"Nikiachia hii itakuwaje?" Nelda aliuliza, kichwa kifuani pake.

"Itaanguka."

"Basi kesho saa tatu duka la nguo likifunguliwa, twende ukapimwe kiuno."

"Kesho si ndiyo unasafiri?"

"Wewe Verlon, hivi unaona nina mkono wa kubebea sanduku?"

Kesho yake walinunua suruali mbili, inchi thelathini na sita, na Nelda ndiye aliyechagua rangi. Bastola Verlon aliikumbuka Jumatano.