Karata Alizotupa Agathe

Hasira ilimwingia Agathe mwezi wa pili, asubuhi mama yake alipompigia simu kutoka kijijini Mumosho akisema kuna wanaume wanasimika nguzo za saruji katikati ya maharage yake. Agathe aliomba ruhusa shuleni Bukavu, alikofundisha, akapanda gari, akatembea nusu saa kwenye matope, akawakuta bado wanachimba. Walimwonyesha karatasi. Karatasi ilisema kwamba Nsimire, mjane, amemuuzia mfanyabiashara mmoja wa mjini shamba lake lote pamoja na mikaratusi. Chini, mahali pa sahihi, palikuwa na alama ya kidole gumba.

"Ni miye njo niliweka hii kidole?" mama yake aliuliza. Aliuliza hivyo mchana kutwa.

Nsimire anajua kuandika. Alijifunza parokiani akiwa na miaka hamsini na mbili, na tangu hapo ameandika jina lake kila mahali: kwenye kitabu cha nyimbo, kwenye ndoo, kwenye mpini wa jembe. Mwanamke wa namna hiyo humpi kalamu akachagua kuchafua kidole. Agathe aliieleza mahakama hivyo. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema alama imetapakaa na haisomeki, kwa hiyo alete mtu aliyeona. Mnunuzi naye aliapa kwamba alinunua kwa nia njema kupitia mtu aliyeitwa Ingénieur, yaani mhandisi, na kwamba namba ya simu ya huyo Ingénieur haipatikani tena.

Kila mtu alimwambia Agathe atulie. Wenzake shuleni, majirani, wanawake wa kwaya, wote. Tulia, mwalimu. Walimwambia hivyo kwa sababu alikuwa tayari mtulivu, na utulivu wake uliwafaa. Hakuna aliyejua kwamba usiku alikuwa anasaga meno hadi taya linamuuma asubuhi.

Mahali pekee ambapo utulivu huo ulimfaa yeye mwenyewe palikuwa mezani kwa Théodore, Jumamosi mchana. Théodore alikuwa mtumishi wa bima aliyestaafu, mwenye baraza pana mtaani Muhumba, na walikutana kwake kucheza karata za poka. Marehemu mume wa Agathe ndiye aliyemfundisha, na alipofariki Agathe alikikalia kiti chake bila kumwomba mtu ruhusa. Dau lilikuwa dogo. Kila mtu aliingia na faranga elfu kumi, akapewa vifuniko ishirini vya chupa, na vikiisha aliruhusiwa kununua mara moja tu tena. Hakuna aliyewahi kukosa nauli kwa sababu ya meza ile.

Lakini Agathe alicheza kana kwamba ni mtihani wa serikali. Karata mbili mbovu mkononi, alizitupa, hata mara kumi mfululizo. Hakulifuata dau la mtu kwa sababu mtu huyo amemuudhi. Na akisikia damu inapanda, aliinuka, akanywa maji, akaukosa mzunguko mmoja. Willy, mwuza vipuri vya pikipiki aliyecheza nao kila wiki, alimtania kwamba anacheza kama mtawa.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi Théodore alileta mgeni.

"Huyu ni Papa Gérard," alisema. "Géomètre. Anapimaka mashamba. Tulisoma naye."

Gérard alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye saa kubwa na kicheko kilichofika hadi barabarani. Alimpa Agathe mkono, akamwita "Maman Professeur," akakaa mbele yake. Agathe aliposikia kazi yake alimtazama mara mbili, basi. Wapima ardhi ni wengi Bukavu.

Mwanzoni Gérard alimkasirisha kwa karata tu. Agathe alikuwa na malkia wawili, akaongeza dau kama inavyotakiwa, na Gérard akamfuata na takataka: saba na tatu. Saba moja ilikuwa tayari mezani, na karata ya mwisho kufunuliwa ikawa saba nyingine, zikawa tatu. Akavikusanya vifuniko kwa mikono yote miwili.

"Mathématiques imekufa leo!" alipiga kelele. "Maman Professeur, unapashwa kurudia shule!"

Willy alicheka hadi akakohoa. Agathe naye akafanya asichokifanya kamwe. Mkono uliofuata alipata karata mbovu, akamfuata Gérard kwa makusudi, ili amfute kile kicheko usoni. Akapoteza. Akafanya tena, akapoteza tena. Vifuniko vyake vikaisha, akanunua ishirini vya pili, akaviweka mezani bila kuvipanga.

Akainuka. Alisimama kwenye ukingo wa baraza, akanywa maji glasi nzima, akalitazama ziwa chini na mtumbwi mmoja wa wavuvi wa sambaza uliokuwa unarudi. Alijitukana kimoyomoyo. Aliukosa mzunguko mmoja, kisha akaukosa wa pili, na kwa sababu hakuwa anacheza, alipata nafasi ya kumtazama Gérard vizuri. Akaona jambo ambalo mchezaji mzuri angeliona. Gérard akipoteza, hunyamaza na kushika simu. Akishinda, huongea, na hawezi kujizuia.

Alipokaa tena, Gérard alikuwa ametoka kushinda.

"Miye sinaogopaka mutu mugumu," alikuwa anamwambia Willy. "Ata shamba mugumu. Kule Mumosho kulikuwa ka mama kamoja, kajane. Banamubembeleza miaka tatu auzishe, anakataa. Bakaniita: Ingénieur, saidia. Miye nilimaliza ile kazi asubuhi moja."

Théodore aligawa karata. Agathe alizifunua za kwake kidogo kwa ncha ya kidole. Wafalme wawili.

Damu ilimpanda masikioni. Alitaka kusukuma vifuniko vyote ishirini mbele na kumwona Gérard akifuata na takataka yake, akianguka. Alitaka kumrukia juu ya meza. Alitaka kulitaja jina la mama yake. Lakini alijua kitu kimoja kwa hakika: mtu huyu akipoteza atashika simu na kunyamaza, na hadithi itabaki tumboni mwake.

"Ninatupa," alisema, akawasukuma wafalme wake mbali, wamelala kifudifudi.

Gérard alichukua vifuniko vichache vilivyokuwa mezani. Akacheka.

"Asubuhi moja, namna gani?" Agathe aliuliza. Sauti yake ilitoka ileile anayoitumia darasani mwanafunzi anapokosea hesabu rahisi. "Kama anakataa, anakataa."

"Karatasi aikatalake, maman."

Mkono uliofuata Agathe alitupa. Na uliofuata. Safari moja karata zake na za mezani zilimpa tano zote za kopa, mkono ambao mtu anaweza kuungoja mwezi mzima. Gérard aliongeza dau, naye akazitupa bila kuzionyesha. Vifuniko vyake vilipungua kidogo kidogo. Vya Gérard vikawa mlima, na mdomo wake ukafunguka pamoja navyo.

"Leo unaogopa, Maman Agathe," Willy alisema.

"Leo karata zinanikataa," alijibu. Kisha, bila kuinua macho: "Sasa papa, sahihi ya yule mama ulipata wapi?"

Gérard alipanga vifuniko vyake kwa madaha. "Sahihi ya nini? Kidole! Nilienda kwenye soko kubwa, nikakuta mumama muzee anauzisha mboga ya lengalenga pembeni ya mulango. Nikamuambia, maman, hii ni liste ya musaada, weka kidole hapa. Nikamupa sabuni mbili na kilo ya chumvi. Alinibariki, muniamini! Alinibariki!"

Alijipiga goti. Willy alicheka nusu, akaacha. Théodore alikuwa ameshika karata za kugawa, hagawi.

Agathe aliinuka. Kiti kilianguka nyuma yake.

"Yule mama wa Mumosho anaitwa Nsimire," alisema. "Anajua kuandika jina lake. Miye ni binti yake."

Gérard alimwangalia, kisha akawaangalia wengine, akitabasamu kama mtu anayengoja mzaha uishe. "Maman, hii ni masolo tu, ya kupitisha wakati. Tunacheza karata."

"Ulimuibia mama yangu!" Agathe alipiga kelele, na kelele ile ilikuwa ya miezi minane. "Ulimuibia kwa sabuni mbili! Amelala njaa juu yako! Anaenda kulima kwa watu, kwenye miaka sabini, anaomba mistari miwili ya kupanda maharage, na weye unakuja kucheka hapa!" Alipiga meza kwa kiganja, vifuniko vikaruka vikaviringika hadi kwenye ngazi.

"Hauna témoin," Gérard alisema, na sasa hakuwa anatabasamu. "Nani alisikia? Willy, ulisikia kitu?"

Willy aliangalia glasi yake. "Maman Agathe," alisema, "kaa chini. Usiharibu Jumamosi ya watu. Tulia."

Neno hilo lilimchoma kuliko yote ya Gérard. Alimgeukia Théodore. Yule mzee alikuwa bado na karata mkononi, na alichoweza kusema ni, "Tuongee pole pole, tafazali." Agathe alichukua mkoba wake akaondoka. Alitembea kwa miguu hadi nyumbani akiongea peke yake njiani, na watu waliompisha hakuwaona.

Jumapili hakwenda misa. Jumatatu, kabla ya kengele ya saa nne, mlinzi wa shule alimwambia kuna mgeni langoni. Alikuwa Théodore, amevaa koti na tai kama mtu wa kazini.

"Nimesoma na Gérard miaka sita," alisema. "Alisimamia ndoa yangu. Juzi nilipashwa kuongea na sikuongea. Sikulala." Alijikohoza. "Nitaenda kusema kwenye mahakama. Vyote nilivyosikia."

Agathe hakumshukuru. Alimwambia, "Ulikawia," kisha akarudi darasani kwake. Lakini alasiri hiyohiyo walikwenda pamoja sokoni, wakauliza kwa wauza mboga mmoja mmoja hadi wakampata mama mmoja mzee sana, pembeni ya mlango, mbele yake mafungu sita ya lengalenga. Walipomweleza, alifunika mdomo kwa kitenge.

"Nilikuwa nangoja ule musaada," alisema. "Mupaka sasa niko nangoja."

Mbele ya hakimu Gérard alikana kila kitu. Alisema ni hadithi ya kuchangamsha meza, na kwamba mwanamke aliyepoteza vifuniko arobaini hawezi kuaminiwa. Willy aliitwa, akasema hakusikia vizuri kwa sababu ya mvua. Siku ile mvua haikunyesha. Théodore alisema yote, kwa sauti ndogo, bila kumtazama rafiki yake. Na yule mama wa lengalenga alinyoosha kidole chake hewani, chumba kizima kikione, akasema ni hiki.

Karatasi ilifutwa mwezi wa tatu. Mikaratusi haikurudi, ilikuwa imekatwa yote na kuuzwa kama mkaa, na hakuna aliyelipa. Gérard hakulala hata siku moja jela. Kesi yake iliahirishwa, ikaahirishwa tena, naye akaendelea kupima mashamba upande wa Kavumu. Nsimire alipanda maharage kuzunguka nguzo za saruji, kwa sababu kuzing'oa kulihitaji vijana wanne na siku nzima.

Agathe alikutana na Gérard mara moja tu baada ya hapo, mjini Nyawera, mbele ya duka la simu, mchana wa jua kali. Alimwona kabla hajamfikia: saa ileile, kicheko kilekile. Gérard akamnyooshea mkono mbele ya watu.

"Maman Professeur! Yale yalipita, kweli? Hauna kinyongo?"

Agathe aliutazama mkono ule bila kuugusa.

"Kinyongo iko," alisema. "Iko yote." Akasimama palepale, njiani, mpaka Gérard akalazimika kushuka kwenye ukingo wa barabara ili apite.