Kichwa Kilichobaki Nusu

Maji ya kudekia ya jumba la maonyesho ya michoro yalimwagwa tena nje, yakapita chini ya kiti cha Henriette yakinuka dawa na mvinyo uliochacha. Aliinua miguu, kitana mkononi, akaendelea kusuka. Tangu atoke Bukavu, kipande hicho cha barabara ya Berea, huku kusini mwa Afrika, chenye mwavuli na viti viwili, ndicho kilichomlisha yeye na wanawe.

Désiré, Mkongomani mwenzake anayemtumikia mwenye jumba, alitoka akiyakwepa maji.

"Maman Henriette, patron anaomba ukuye kidogo. Iko na wageni. Anataka mutu wa kusoma majina ya ma-tableaux, ile mapicha ya ukutani, na Français muzuri."

"Na fasi yangu? Jana ma-security walisema hawataki kutuona tena hapa."

"Patron mwenyewe amesema hakuna mutu atagusa. Kuya ndani."

Henriette alimtazama mteja wake Sikujua, upande mmoja wa kichwa umesukwa, wa pili umesimama timtim. Wasusi wa barabara ile walikuwa na heshima moja: penye kichwa ambacho hakijaisha hapaguswi. Hata wale wagomvi, wanaovutana mawigi kwa ajili ya mteja, hawakuthubutu.

"Dada, kaa tu hapo. Ukikaa, fasi ni yangu."

"Sawa, ila usinicheleweshe. Jioni nina harusi," Sikujua akasema.

Ndani kulikuwa na baridi ya mashine na harufu ya jibini. Ukutani, jiji la Ufaransa la zaidi ya miaka mia iliyopita lilikuwa likivunjwa lijengwe upya: barabara pana, taa, moshi wa treni. Patron akamshika Henriette bega kama anayeonyesha meza anayoiuza, akamsimamisha mbele ya picha kubwa. Mwanamke amebeba godoro. Nyuma yake wanaume wanabomoa nyumba, na askari anamsukuma kwa fimbo.

Henriette akasoma jina la picha ile kwa Kifaransa.

"Tazameni macho yake!" patron akasema kwa Kiingereza. "Mchoraji alimwonea huruma kweli."

"Wakatili walioje watu wa zamani," bibi mmoja akalia, akajifuta chozi, akachukua kipande kingine cha samaki.

Nje, chuma kikaburuzwa. Kupitia kioo Henriette aliona walinzi wakiutupa mwavuli wake juu ya lori. Sikujua alikataa kuinuka. Wakamnyanyua pamoja na kiti, wakammwaga kando kama taka.

Henriette akakimbilia mlangoni. Désiré akamzuia.

"Ulisema hawatagusa!"

"Eish, Maman, ni motokari za wageni, zimekosa pa kusimama. Patron atakutafutia fasi ingine. Ukitoka na makelele, utakosa yote."

Henriette hakujua anachukia kipi zaidi: jibini, mkono ule begani, au Kiswahili cha nyumbani kilichokuja kumwita.

Gari jeupe likarudi nyuma, likaingia pale palipokuwa na kiti chake. Sikujua alisimama jirani, kichwa nusu, akipungia dirisha.

Mwenye gari akaingia, funguo mkononi, akapewa glasi. Akaitazama ile picha kwa muda.

"Maskini," akasema. "Baadaye alikwenda wapi?"

"Soma tena," patron akamwambia Henriette. "Huyu hakusikia."

Wote wakamgeukia. Kitana kilikuwa bado mkononi mwake, nywele za Sikujua zimenasa menoni.