Nafasi Ikipatikana

Dada mtu alipofika ghala la mizigo la uwanja wa ndege, alimkuta kaka yake ameketi juu ya jeneza lake, anafunga kamba za viatu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anauliza unakwenda lini."

"Nafasi ikipatikana," alijibu marehemu, akaingia kazini.

Alikuwa mpakiaji katika ghala hilo hilo mpaka alipoangukiwa na mzigo. Kampuni ilisikitika, ikaahidi kumsafirisha bure hadi kwao kwa ndege zake yenyewe, nafasi ikipatikana. Ndugu walishukuru mno, maskini.

Sasa, ndege ya mizigo haina foleni. Kinachoharibika ndicho hutangulia. Kila siku yalikuja maua, ikaja minofu ya samaki, wakaja vifaranga wakipiga kelele ndani ya maboksi yenye matundu. Uzito ukitimia, mlango unafungwa, na jeneza linarudishwa ukutani.

Dada mtu alimwendea msimamizi. "Bosi, kwani huyu haharibiki?"

"Pole sana, dada yangu. Huyu alishapigwa dawa hospitali, haharibiki tena. Lakini waridi likilala hapa, limekwisha." Akamvutia kiti akae. Utamtukana vipi mtu wa namna hiyo? Alikaa, roho inamuuma.

Marehemu alipoanza kutoka jenezani na kushika kazi, hakuna aliyeshtuka. Wa kujaza nafasi yake hakuwa amepatikana, na wenzake walikuwa hoi. Walimwambia tu avae kizibao chake cha kung'aa, maana sheria ni sheria. Akapakia vizuri kuliko zamani, kwa kuwa hakuomba chai wala ruhusa ya kwenda msalani.

"Wewe bwana, hata kufa kumekushinda!" walimtania. Alicheka nao, akinuka dawa.

Jioni hiyo dada yake alimshika mkono. "Kaka, nakuomba. Mlango uko wazi. Ingia ujilaze humo humo, nani atakuona?"

"Ndege ikizidi uzito hairuki, mdogo wangu. Kuna watu humo."

"Basi shusha maua!"

"Yataharibika," alisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kawaida. Akasukuma boksi la mwisho, akafunga mlango, akampungia rubani mkono. Ndege ikaruka kuelekea kwao.

Simu ikalia. Alikuwa mama. Mvua haikatiki huko, alisema, na kingo za kaburi zinaporomoka. Kila asubuhi majirani wanachota maji yaliyojaa humo, na wameanza kuchoka, ingawa hawasemi.

"Niambie ukweli, binti yangu. Mwenzio amepata nafasi?"

Dada mtu alimtazama kaka yake, aliyekuwa ameshika ufagio, anakusanya majani ya waridi sakafuni.

"Ameipata, mama," alisema. "Wamemrudisha kazini."