Mchoro wa Mwisho Kabisa

Acha mbachao kwa msala upitao, tena uukunje uutupe mbali, ikiwa chini yake pana waya wenye moto. Hivyo ndivyo Sindano alivyowaza alipomwona kaka yake anahangaika na kijiko kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa bendeji.

Wote wawili walifanya kazi kwenye kampuni moja ya umeme wa majengo. Kaka alikuwa fundi, mtu wa ngazi na koleo. Sindano, aliyepachikwa jina hilo kwa wembamba wake na ulimi wake, alitunza programu ambayo mafundi huitumia kutafuta michoro ya nyaya kwenye simu. Na michoro ya kampuni ile ilikuwa na ugonjwa wake. Kila aliyemaliza kuchora aliuita wake "Mchoro wa Mwisho". Ukirekebishwa, ukaitwa "Mwisho Kabisa". Ukirekebishwa tena, ukarudi kuwa "Mwisho", maneno yameisha. Fundi akitafuta jengo, yanamjia majina matupu, kama mapacha waliovalishwa sare. Kaka alichagua la juu. Mchoro ukasema waya umekatwa. Waya ukasema vingine.

"Na keshokutwa tunarudi palepale," kaka alisema. "Mwenzangu atashika nyaya, mimi nitamsomea mchoro."

"Kwa mkono huo?"

"Kuchagua mchoro mbaya mkono mmoja unatosha, mdogo wangu."

Sindano hakucheka. Asubuhi alimwendea mkuu wa kitengo, ambaye mafundi walimwita Bwana Usafi kwa kuwa hakupenda kitu kizidi kwenye skrini. Akamweleza: hifadhidata inajua kila mchoro ulichorwa lini, na nani, na kama umeshabatilishwa. Inajua, ila imenyamaza. Yeye anataka habari hizo zitokee chini ya kila jina linalopatikana.

"Utanichafulia ukurasa, binti yangu. Na ukiweka majina ya watu, wataanza kunyoosheana vidole."

"Vya kaka yangu havinyooki, bosi."

"Mpe pole. Tutalijadili kwenye kikao cha mwezi ujao."

Waya haungoji kikao. Sindano alirudi mezani kwake, akakaza uzi. Mchana alikuwa ameshaweka tarehe, akampelekea kaka yake aijaribu. Kaka akatazama, akaguna.

"Huu ulioniunguza unasema ndio mpya kuliko yote."

Sindano akachukua simu, akaona. Michoro ya zamani ilikuwa ya karatasi, ikapigwa picha na kuingizwa kwenye mashine juzijuzi tu. Yeye alikuwa amechukua tarehe ya kuingizwa, si ya kuchorwa. Kikongwe amemvisha gauni la bibi harusi. Angemrudisha kaka yake kwenye moto uleule, safari hii kwa ushahidi.

Akafuta, akaanza upya. Tarehe ya kuchorwa. Jina la mchoraji. Kwa uliobatilishwa, neno BATILI kwa wekundu, na mshale wa kumpeleka fundi kwenye mchoro ulioshika nafasi yake. Alijaribu jengo baada ya jengo, na kabla ya kutoka ofisini akawafungulia mafundi wote, bila ruhusa ya bosi.

Siku ya kazi, kaka alitafuta jengo lile. Mchoro wa juu ulikuwa mwekundu. Akafuata mshale: waya ungali na umeme, na swichi yake iko chini kabisa, nyuma ya pampu ya maji. Wakashuka, wakazima, wakapanda. Baadaye akampigia dada yake.

"Tumemaliza. Mikono yetu yote minne ipo. Haya, mitatu na nusu."

Lakini jina lililokaa kando ya ule wekundu lilikuwa la mhandisi mkuu, na mafundi hawana dogo. Hata saa ya chakula haijafika, alikuwa ameshaitwa Mzee Batili. Sindano akaitwa ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," mhandisi alijibu, kama anayetema mwiba. "Nilikuwa hapa kabla hujazaliwa. Leo napita koridoni nachekwa."

"Omba radhi, binti yangu," Bwana Usafi alisema. "Tuyaondoe hayo majina, yaishe."

Sindano akamgeukia mhandisi. "Mzee, nani aliyeubatilisha mchoro ule?"

"Mimi mwenyewe. Niliona kosa, nikachora mwingine."

"Basi jina lako liko mara mbili, na la pili ndilo lililomrudisha kaka yangu nyumbani. Nikiliondoa, fundi akikwama atamuuliza nani?"

Mhandisi akaligeukia dirisha.

"Na radhi?" Bwana Usafi akakumbusha.

"Shukrani nampa mzee, hata kwa kupiga goti. Mafundi nitawakanya mwenyewe waache utani. Majina yanabaki. Radhi siombi."