Mstari Mmoja wa Bi Zuwena

Nimemaliza kumlisha mama uji, nimemfuta kidevu, naegemea ukuta nipumzishe mgongo kidogo tu, na ukuta unanipokea. Sitanii. Unalainika kama unga uliozidi maji, nazama mzima mzima, na ninapotahamaki nimesimama mchana kweupe mbele ya Jumba la Opera, lile wanalotaka kulibomoa wiki ijayo, na mabati waliyolizungushia hayapo. Humu ndimo mama yangu, Bi Zuwena, alimoimba taarab kabla sijazaliwa. Kisha akaolewa, baba akamwapisha asiimbe tena, na mama, mtu wa ahadi yake, hakuimba hata aliponibembeleza. Baba akafa, nikasema haya, sasa ataimba, mara kiharusi kikamchukua ulimi. Umri wote huu sijawahi kumsikia mama yangu akiimba. Basi nibaki nje, nina wazimu?

Mlangoni yupo bawabu, kanzu imenyooka, kofia imekaa, uso hana. Pale penye uso ni peupe tu kama sahani iliyooshwa. Shikamoo, namwambia, maana adabu haichagui uso. Marahaba, Raya, anajibu, kitendawili. Tega. Nyumba yangu masikio elfu, mdomo mmoja. Mzee wangu, nasema, mie sina subira ya vitendawili, nipishe nipite. Umeshindwa, nipe mji. Nampa Pangani. Nilikwenda Pangani, anaanza, na barabara iliyo nyuma yangu inajikunja, inakuwa Pangani kweli, kila nyumba ikiwa mbili, moja imesimama na moja kichwa chini ndani ya mto, nikala, nikanywa, anaendelea bawabu, nikaambiwa jibu lake ni jumba hili, umesimama mlangoni pake, pita. Napita. Ndani ukumbi mmoja unazaa mwingine. Jumba hili alilijenga tajiri wa karafuu, bawabu anasema huku tukitembea bila kufika. Alikwenda Ulaya, akamsikia mwanamke akiimba, hakuelewa hata neno, akalia, akarudi na ramani. Na kweli, jukwaani yupo Mzungu mnene mwenye manyoya kichwani, anapiga ukelele hadi vioo vinatetemeka, na wenye mji wetu wamerundikana madirishani kwa nje, maana viti si vyao. Anaimba nini? Anakufa. Mbona hafi? Ndiyo opera hiyo, bibie. Nacheka, na kicheko changu kinageuka giza la sinema, wanawake wanalia kwa filamu ya Kihindi, tunapinda kona, viti vya mahameli vimebebeshwa magunia ya mchele na panya wanatuangalia wasikimbie, hata dari limetoboka, kunguru wanaingia watakavyo. Naona uchungu, jamani. Jumba zima hili, na mama amo mahali fulani. Yuko wapi? nauliza. Mbele ya nyuma, anajibu. Hebu niondolee balaa, nasema, nipeleke kwa mama yangu.

Ukumbi wa mwisho umejaa. Wanawake wamevaa kanga sare, wote hawana nyuso, nyuzi za udi na ganuni zinatafutana, fidla inazipata, na pazia limeshuka, kwani enzi hizo binti wa watu aliimba nyuma ya pazia, asikike asionekane. Kaa kitako, ananiambia bawabu, usinyanyuke mpaka wimbo uishe. Nikinyanyuka? Mgeni akisimama, ameshaaga. Nitakaa, naapa, hata paa likiniangukia. Na sauti inakuja. Si tamu kama walivyonisimulia shangazi zangu. Ni nzito, ina mkwaruzo kidogo, haina haraka na mtu. Inaimba: Kiapo nilikichunga, na wewe kikakuuma.

Yarabi! Mimi ni mtoto wa taarab. Kwetu neno likikugusa hukai, unainuka, unacheza taratibu mpaka kwa mwimbaji, unamtunza ulicho nacho. Hatufundishwi, ni kama kupiga chafya. Miguu yangu haikuniuliza. Nimeshavua kanga begani, mkono uko juu, naserereka kuelekea pazia huku machozi yananitoka, na wale wanawake wote wananigeukia. Ah, Raya, anasema bawabu kwa huruma, na ukumbi unamwagika kama maji. Mjinga mimi! Mstari mmoja tu!

Niko chumbani kwa mama, wima katikati ya chumba, mkono bado juu, nalia kwa kelele na nimemnyooshea kanga. Sijui nimeamka au nimepinda kona nyingine. Nje kuna mlio, labda ni mashine za kubomoa, labda ni fidla. Mama ananitazama. Mkono wake wa kushoto, ule uliobaki mzima, unainuka polepole juu ya shuka, unaishika kanga, unaitupia begani, na kichwa chake kinainama kidogo kunishukuru. Watu waseme watakavyo kwamba niliota. Mimi nijuavyo, mwimbaji hapokei tuzo ya wimbo ambao hakuuimba.